Nusu Kichwa cha Dobi

Dobi alikuwa ameshika kola ya blauzi, na aliyeivaa alikuwa bado yumo ndani yake. Ilikuwa asubuhi, pale bombani, foleni ya madumu imefika hadi kwenye ua wa zahanati, na watu wameacha kuteka maji ili watazame vizuri.

"Hii si yako," Dobi alisema. "Na wewe unajua si yako."

Yule aliyekabwa alikuwa mama kijana wa upande wa chini wa kambi, aliyehamishiwa hapa juzijuzi, ambaye sisi wa upande wa juu hatukumjua. Alikuwa na mtoto mgongoni na dumu mkononi, kwa hiyo hakubakiwa na mkono wa kujitetea. Alisema blauzi ni yake na ameipata kwa haki. Dobi akaigeuza kola nje ndani, akawaonyesha watu mishono miwili ya uzi wa kijani iliyopishana. Uzi huo, alisema, ameutia yeye kwa sindano yake, na mwenye blauzi anamjua. Kisha akavuta kidogo ili na wa nyuma waone, na kola ikachanika.

Mtoto akaanza kulia. Mtu mmoja kwenye foleni akasema haya, sasa mgawane, kila mtu na kipande chake.

Nilimtoa Dobi pale kwa kumshika kiuno. Mimi ni jirani yake. Kamba za hema langu na za hema lake zimefungwa kwenye kigingi kimoja, akijigeuza usiku turubai langu linanong'ona. Njiani aliniambia nimwache, maana leo ameshika mkia wa kile kilichommaliza.

Kwa mtu asiyemjua ilikuwa aibu tupu, mwanamke wa umri wake kumkaba mzazi kwa ajili ya blauzi iliyopauka. Sisi tuliomjua tulijua kwamba hakuwa anagombania blauzi.

Dobi alilelewa na shangazi yake, aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Shangazi huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha kupima moto wa pasi kwa kidole kilicholowa, na alimfundisha kwamba nguo ya mtu ni siri ya mtu. Doa unalitoa, hulisimulii. Kwa mafunzo hayo Dobi alipata wateja wazito katika mtaa wetu wa zamani: mkunga, karani, mwenye duka la vitabu, hata bwana mmoja wa benki ambaye hakumwamini mkewe na mashati yake. Mume wa Dobi alifariki mapema, binti yao aliolewa mbali. Yeye akabaki na vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha nguo za watu, na ukiviona vyote viwili ungejua mara moja ni kipi anachokipenda. Chumba cha nguo kilikuwa na dari.

Wino hakuutaka kabisa. Alisema wino unatoka na jina linabaki doa. Alama zake zilikuwa za uzi, ndani ya kola au kwenye upindo wa kiuno, kila mteja na rangi yake na mshono wake, na zote alizihifadhi kichwani. Shati au blauzi alikunja mikono kwa nyuma, akaweka kipande cha gazeti katikati ili kitambaa kisikatike. Watu walimcheka, wakasema nguo zake zinasoma habari kuliko yeye.

Nguo ambazo hakuzitia uzi zilikuwa zake mwenyewe na za Msusi. "Za nyumbani hazitiwi alama," alikuwa akisema.

Msusi alikaa upande wa pili wa ukuta. Wote wawili waliishi kwa miili ya watu: Msusi alishughulika na kichwa, Dobi kuanzia shingo kushuka chini. Palikuwa na tundu ukutani, tofali lilitoka wakaamua lisirudi, na kupitia tundu hilo vilipita makaa ya moto, chumvi, umbea na wakati mwingine mtoto mdogo wa Msusi mzimamzima. Msusi alimsuka Dobi bure, Dobi alifua nguo za Msusi na wanawe bure, na sijawahi kusikia mmoja wao akipiga hesabu. Hata ugomvi wao ulikuwa wa kuonea wivu. Wakikasirikiana waliziba tundu kwa kitambaa, na kufika jioni mmoja alikuwa anahitaji chumvi.

Siku milio ya risasi ilipofika mtaa wa pili, kila mtu alishika alichoweza. Dobi alisimama mlangoni pa chumba cha nguo, akaona hawezi kuzibeba zote, na akibeba za mmoja atakuwa amewasaliti wengine. Ndivyo alivyofikiri, huyo ndiye Dobi. Akafunga mlango, akaweka pasi yake ya mkaa kichwani, akampa Msusi ufunguo. Msusi alikuwa habanduki, watoto wake wawili walikuwa na surua, hawatembezeki. Nilikuwepo, niliwasikia.

"Nguo za watu hizo," Dobi alisema. "Nakuachia roho yangu."

"Nenda, ndugu yangu," Msusi akamwambia. "Mlango huu utakuja kuufungua wewe."

Tukaenda. Wenzake walibeba masufuria na magodoro, yeye pasi. Njia nzima walimwuliza kama anakwenda kunyoosha barabara.

Sisi tunaitwa wakimbizi wa ndani, kana kwamba tulikimbilia chumbani. Kambi hii ni mahema, matope au vumbi kutegemea mwezi, bomba moja lenye hasira zake, na watu wa mashirika wanaokuja kutuuliza tunajisikiaje. Msusi alitufikia miezi mingi baadaye, amekonda, watoto wazima, shukrani kwa Mungu. Dobi alimkumbatia mpaka nikadhani watavunjana. Akampa nusu ya mkeka wake na nusu ya blanketi. Msusi akamweleza kwamba wale vijana wenye silaha walivunja mlango wa chumba cha nguo na hawakuacha hata kiango cha nguo. Dobi alilia siku hiyo, akiwalilia wateja wake. Msusi alikaa nyuma yake, akimpapasa mgongo na kumwambia pole, pole, ndugu yangu.

Wateja nao walikuwa wameanza kufika, maana vita havichagui aliyevaa suti. Waliuliza nguo zao. Dobi akawaeleza kama alivyoelezwa. Wengine walinyamaza. Mkunga hakunyamaza. Alisimama kwenye foleni ya bomba, mwanamke ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake na neno lake linabebwa kama maji, akasema: aliyeweza kubeba pasi nzima ya chuma alishindwaje kubeba furushi moja la nguo? Nyinyi msimpe Dobi hata leso ya kufutia pua, atahama nayo.

Ndiyo ikawa basi. Kambini hapa kuna watu wanaopenda kuonekana watu, kuna walimu, kuna wauguzi wa zahanati, kazi ya kufua ipo. Dobi hakupewa hata soksi. Pasi yake ikakaa mlangoni pa hema, baridi, kuku wa jirani wakawa wanatagia ndani. Jina lilikuwa ndilo mtaji wake wote, nalo lilikuwa limeliwa. Miaka miwili aliishi hivyo, na katika miaka hiyo miwili aliyekuwa akimfariji ni Msusi. Huyo alikuwa anastawi, kwa kuwa kichwa mtu hakiachi mtaani.

Sasa mnaielewa ile kola. Dobi alipoona uzi wake wa kijani bombani, aliona nguo ya Mkunga, na nyuma yake aliona mwizi.

Kesi ikapelekwa kwenye Benchi. Mahakama yetu ilibaki kule mjini tulikotoka, na hakimu sijui naye yuko kambi gani anagombea dumu. Kwa hiyo tulijitengenezea utaratibu wetu. Kuna benchi moja refu, la shule, chini ya turubai karibu na ghala, na waliokoseana wanakaa juu yake pamoja, si mbele na nyuma kama kwenye kanisa. Kila mmoja anakuja na mwenza, mtu wa kukaa naye asife moyo. Na hakuna anayejibu shutuma kabla ya kurudisha neno. Ukiambiwa jambo, unalirudia kwanza kwa mdomo wako, mpaka aliyekushutumu aseme ndivyo. Akisema sivyo, unarudia tena. Mnaweza kuona upuuzi. Nimewaona wanaume wakubwa wakishindwa kurudia sentensi moja.

Mwenyekiti ni Kondakta. Alikuwa kondakta wa basi kweli, na kesi anaziendesha vivyo hivyo, twende, twende, wa nyuma sogea.

Mwenza wa Dobi, kwa kawaida, angekuwa Msusi. Nani mwingine? Dobi alimwomba mbele yangu, na Msusi akasema nitakosaje. Hakuuliza mshtakiwa ni nani. Dobi alimwambia tu kuna kamama ka upande wa chini. Asubuhi ya kesi Msusi akamkalisha Dobi kati ya magoti yake ili amsuke, aende mbele za watu kama mtu. Alikuwa amemaliza upande wa kulia, mistari myembamba imenyooka kama ya daftari, Kondakta akatuma watu watuite mapema kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Dobi akafunga kitambaa juu ya nusu kichwa. "Utanidai upande mmoja," Msusi alimwambia, wakacheka.

Tukakaa. Mama Kichanga, ndivyo tulivyompa jina baadaye, alikaa na dada yake. Dobi akasema lake: umevaa nguo iliyoibwa chumbani kwangu, na kwa sababu ya nguo hiyo mimi naitwa mwizi. Mama Kichanga akalirudisha neno lote, bila kukosea, huku akimnyonyesha mtoto. Dobi akasema ndivyo.

"Sasa jibu," Kondakta akasema. "Kwa ufupi."

Mama Kichanga alijibu kwamba hakuiba. Blauzi aliipata njia panda, pale sokoni watu walipolala siku mbili wakisubiri malori, kwa kutoa bakuli la unga.

"Ulimpa nani?" Kondakta akauliza.

"Huyo." Alionyesha kwa kidevu. "Huyo aliyekaa na mama. Ndiye aliyenipa blauzi."

Mkono wa Msusi ulikuwa juu ya goti la Dobi. Niliuona ukiondoka, polepole, kama paka anayetoka chumba alichokatazwa.

Msusi akasema amefananishwa. Kondakta akamwambia arudishe neno kwanza, ndio utaratibu. Msusi akafungua mdomo, akasema "Unasema kwamba mimi," akaishia hapo. Kondakta akasema twende. Haikwenda.

Dobi hakumtazama Msusi. Alimgeukia Mama Kichanga na kumwuliza, kwa sauti ya mtu anayepokea nguo za kufua, "Ulipoipokea, mikono ilikuwa wapi?"

"Mikono ya nani?"

"Ya blauzi."

"Nyuma. Ilikuwa imekunjwa, imepigwa pasi. Katikati kulikuwa na kipande cha gazeti. Gazeti nilimfutia mtoto wangu wa kwanza."

Mtu alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Dobi akageuka sasa. "Waliovunja mlango," alisema, "walibeba na gazeti langu?"

Msusi aliangalia mikono yake. Vidole vilikuwa bado vinang'aa mafuta, mafuta ya kichwa cha Dobi.

Mimi ningepiga kelele. Dobi alivua kile kitambaa, akajifuta nacho uso, akakiweka mapajani, akabaki amekaa mbele ya watu wote na nusu kichwa.

Hapo Benchi likaleta hekima zake. Kondakta alisema jambo limejulikana, tushukuru. Wiki ile watu wa mashirika walikuwa wanakuja kuangalia jinsi tunavyopatana, na asingependa wakute kesi iko wazi kama kidonda. Wapeane mikono, Msusi atoe mche wa sabuni, yaishe. Wale wengine wa Benchi wakaitikia. Nisiwasingizie, lakini hapakuwa na mmoja kati yao ambaye mkewe hakusukwa na Msusi.

"Sabuni," Dobi alisema. "Nifulie nini? Nguo ziko wapi?"

Kondakta akasema basi anataka nini, aseme. Dobi akasema anataka Msusi azunguke naye, hema kwa hema, kwa kila mwenye nguo aliyeko kambini, aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Msusi akasema hapa atasema lolote wanalotaka, huko haendi. Na Benchi halina polisi, halimburuti mtu. Kondakta akamwomba Dobi angalau atoe mkono.

"Mkono wangu si taulo," Dobi alisema, akaondoka.

Kabla hajaenda alisimama mbele ya Mama Kichanga, akamwambia kola aliichana yeye na ataishona yeye, hilo ni deni lake, ila hawezi kuigusa mpaka mwenye blauzi ajue blauzi iko wapi. Yule binti akamwambia hana haraka, ni ya pili kati ya nguo mbili.

Wiki zile zilizofuata zilikuwa mbaya. Msusi alihamia kwa mwanamke mwingine, akiacha nusu ya mkeka wazi, na Dobi aliendelea kulalia nusu yake ileile kama vile kuna mtu bado analala pale pengine. Chakula alikipika, hakukila. Ila kichwa hakukifumua wala hakukifunika. Upande mmoja mistari, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona jini. Nilimwambia jamani, nipe nifumue. Akakataa. Alikwenda bombani hivyo, zahanati hivyo, kwenye ibada hivyo. Watu wakimwuliza kichwa kimekuwaje, anajibu taratibu: "Kamwulize Msusi. Yeye ndiye anajua alipoishia."

Na watu, unawajua. Wakaenda kuuliza. Kila aliyekaa kati ya magoti ya Msusi aliuliza, kwa utamu wa sauti, hivi ile kazi ya Dobi utaimaliza lini?

Msusi alikuja mchana mmoja wa jua kali, na kitana mkononi. Nilikuwa nachambua dagaa mlangoni kwangu, na sikuondoka, kwa nini niondoke kwangu? Akasema amekuja kumalizia kichwa tu, watu wanacheka, si vizuri kwa wote wawili. Dobi akamwambia kichwa kitamalizwa mzunguko ukimalizwa.

Msusi akakaa chini, papo hapo vumbini. Sauti ikabadilika.

"Uliniachia ufunguo," alisema. "Hukuniachia chakula. Ulikuwa unataka niwaambie nini wanangu, walale na njaa tunalinda mashati ya benki? Nilianza na moja. Nikasema moja tu. Walikula kola za watu na vishikizo vya watu mpaka tukapata lori. Wewe ungefanyaje?"

Dobi akaanza kutoa mayai ya kuku kwenye pasi, akiyapanga pembeni.

"Ningeuza," alisema. "Ningeuza zote, hata ya Mkunga. Hilo sikulaumu, na ungeniambia siku uliyofika tungelia pamoja na kwenda kuwaambia wenyewe pamoja. Nakulaumu ulikaa nyuma yangu. Wananiita mwizi, mimi nakulilia wewe, na wewe uko hapo nyuma unanisuka, unaniambia pole. Miaka miwili umenishika kichwa. Ungeniambia sikioni tu, nani angesikia?"

"Nilikuwa nangoja ipoe."

"Ilipoa. Tazama pasi."

Msusi alilia. Dobi hakumpapasa mgongo. Mimi dagaa zilikuwa zimekwisha, nikawa nachambua mawe.

Kesho yake wakazunguka. Benchi linataka shahidi, na Dobi akanitaja mimi kwa sababu, alisema, nina masikio makubwa na mdomo mkubwa zaidi. Tulianza kwa karani, anayekaa karibu na ghala na bado anavaa tai juu ya fulana. Msusi alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo hata nzi asingeshtuka kwamba zile nguo zilipotelea mikononi mwake. Karani, mtu wa utaratibu, akarudisha neno: nguo zangu zilipotelea mikononi mwako.

"Sivyo," Dobi alisema.

Msusi akasema jinsi mambo ya vita yalivyokuwa. Karani akarudisha. Dobi akasema sivyo. Jua lilikuwa linatuchoma visogo, na karani alikuwa ameshaanza kutazama sufuria yake jikoni. Msusi akamtazama Dobi, Dobi akatazama ukingo wa turubai.

"Niliziuza," Msusi alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa na ufunguo. Nilifungua nikaziuza. Dobi hakujua, na walipomwita mwizi nilikuwepo nikanyamaza."

"Ndivyo," Dobi alisema, kabla karani hajarudisha.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi, kama jino lililokwisha kung'oka. Mmoja alitukana, mwenye duka la vitabu alitupa maji ya kunywa na kusema lile koti halikuwa linamtosha tena. Kwa Mkunga tulifika mwisho. Dobi alipanga iwe hivyo; alitaka Msusi afike pale akiwa ameshazoea kusema.

Mkunga alisikiliza amekaa juu ya kitanda cha kamba, miguu ndani ya beseni. Alilirudisha neno lote. Kisha akasema kwa kawaida mtu akishasikia, naye anajibu. "Mimi nilisema msimpe hata leso," akasema, akimtazama Dobi. "Nilisema kwa sauti, na nitalifuta kwa sauti, kwenye foleni ileile. Kesho." Akainama, akavuta gauni lake la kazi kutoka chini ya kitanda. "Hili lina dawa ya vidonda hapa kifuani. Nimelisugua mpaka nimechoka. Utaweza?"

Dobi alilipokea kwa mikono miwili. Alilikagua doa, akalowesha kidole, akaligusa. Akasema Alhamisi litakuwa tayari. Alisema hivyo tu, sauti kavu, lakini alilibeba gauni lile njia nzima kifuani kama vile lina mtoto ndani.

Kuhusu blauzi, Mkunga alisema yule binti aendelee nayo. Anayenyonyesha ana shida ya nguo kuliko anayezalisha. Kwa hiyo Ijumaa Mama Kichanga alikuja kwa Dobi amejifunga shuka, mtoto mgongoni, akakaa kusubiri blauzi yake ifuliwe, ikauke, ishonwe. Mkaa ulikuwa unawaka tena ndani ya pasi baada ya miaka miwili, kuku wanazunguka kwa chuki. Dobi aliishona kola mpaka usingeona palipochanika. Kisha akaigeuza, akachukua ncha ya sindano na kuufumua ule uzi wa kijani, mshono wa kwanza, mshono wa pili, akaupeperusha. Akaikunja mikono nyuma, akampa. "Yako," alimwambia. "Na unisamehe ile ya bombani." Yule binti akasema ilikuwa imeshamtoka, ila mtoto ndiye bado anaogopa bomba.

Msusi alifika wakati huo, kana kwamba alikuwa anasubiri nyuma ya hema, na labda alikuwa anasubiri. Kwapani alikuwa na gauni la mwanawe mkubwa, mkononi kitana kilekile. Alisalimia. Tukaitikia. Akaliweka gauni juu ya mkeka, kwenye ile nusu iliyokuwa yake, akamwuliza Dobi kama atapata nafasi.

"Kazi ni kazi," Dobi alisema. Akalichukua, akatazama upindo, akalinusa. Halafu akafungua kile kikopo chake cha nyuzi. Akasukuma nyekundu pembeni, ile ya karani, akasukuma nyeusi, akatafuta mpaka akapata rangi ambayo haikuwa na mwenyewe, njano. Akatunga sindano. Akatia mshono mmoja ndani ya kola, akakata uzi kwa meno.

Msusi aliona. Miaka yote ile nguo zake zilikuwa hazina uzi. Aliutazama ule mshono wa njano, akaupapasa kwa kidole.

"Na kichwa?" aliuliza kwa sauti ndogo, akinyanyua kitana. "Nilikuwa nadaiwa upande mmoja."

Dobi alipeleka mkono kwenye ile mistari ya kulia, iliyokuwa imeshachakaa na kujaa vumbi la kambi nzima.

"Kichwa nimekusamehe," alisema. "Gauni chukua Jumanne."

Msusi akatia kitana mfukoni, akaenda zake. Alipopotea kwenye kona ya ghala, Dobi alisogeza kigoda chake mpaka mlangoni kwangu, akanipa kisogo, akaniambia nianze kufumua, na nisimvute.